Prosesa Mbili, Duka Moja

Watu wakiachana, kwa kawaida mmoja anahama. Sisi tuliachana na hakuna aliyehama. Tulisimamisha ukuta wa plaiwudi katikati ya duka, kila mtu akabaki upande wake na hasira zake.

Duka lenyewe ni la kompyuta. Tunaunda mpya, tunatengeneza mbovu, tunawafukuza wanaokuja kuchaji simu bure. Liko chini ya kliniki ya meno. Ukiingia mlangoni unakutana na ncha ya ule ukuta, inabidi uchague kulia au kushoto. Kulia kulikuwa na dirisha na mwanga, na huko alikaa mtalaka wangu, ambaye wateja walimwita Bingwa naye akaamini. Kushoto kulikuwa na mlango wa choo, na huko nilikaa mimi, Mama Spana. Sijawahi kutumia spana maishani mwangu. Nina stashahada ya elektroniki, nilisoma darasa moja na huyo huyo Bingwa, na jina nilipewa na mteja asiyejua tofauti ya spana na bisibisi.

Plaiwudi haizuii sauti. Mteja aliuliza swali upande wangu, akajibiwa kutoka upande wa pili.

"Dada, nikitaka mashine ya kuchorea ramani za nyumba, nichukue ipi?"

Kabla sijafungua mdomo, ukuta ukasema, "Usinunue huko, kaka! Utauziwa baiskeli uambiwe ni pikipiki!"

"Baiskeli inafika," nikaujibu ukuta. "Pikipiki yako iko wapi? Si ile aliyoirudisha yule mama wa vifaa vya shule?"

"Aliirudisha kwa sababu ulimpigia simu!"

"Nilimpigia kumpa pole!"

Mteja aliondoka bila kununua kwangu wala kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yetu tangu tuachane.

Ndipo siku moja daktari wa meno akateremka, glavu bado ziko mikononi. Yeye ndiye mwenye jengo. Alisimama palepale kwenye ncha ya ukuta ili atuone wote wawili.

"Mgonjwa wangu ameruka nikiwa na sindano ndani ya kinywa chake," alisema. "Ameruka kwa sababu huku chini kuna mtu kamwita mwenzake fisi. Nani?"

"Mimi," nikasema. "Lakini nilisema nguchiro."

"Umesikia, daktari?" Bingwa akadakia. "Hata haya hana."

"Sikilizeni nyote wawili. Mkataba wa duka unaisha mwezi huu. Kwenye mpya naandika jina moja tu. Kesho jioni mkinijia na jina, vizuri. Mkinijia na kelele, wote nje, namweka muuza miwani. Watu wa miwani ni wapole."

Akapanda ngazi zake. Tukabaki tunatazamana kama paka wawili juu ya paa moja.

Bingwa alikuwa na pa kwenda. Kaka yake ana duka la simu mtaa wa pili na alishamwita mara nyingi. Mimi sikuwa na pengine. Wateja wangu ni makarani na walimu wa mtaa ule ule, wanakuja kwa miguu saa ya chakula cha mchana. Nikihama, nahama na bisibisi zangu tu. Bingwa alilijua hilo, na ndiyo maana alianza kwa upole.

"Ondoka kwa heri," alisema. "Hili duka mimi ndiye niliyelipata."

"Ulilipata likiwa stoo ya mbao. Nani alivuta waya? Nani alipaka rangi na mimba ya miezi saba?"

"Tusirudi kwenye mimba."

"Turudi wapi, basi? Chagua."

Akaweka mikono kiunoni. "Twende kwenye kazi. Mwaka mzima unawaambia watu kwamba prosesa ninayouza mimi ni makelele matupu. Haya. Yako mezani, yangu mezani, zipimwe. Atakayeshindwa anafungasha."

Kwa asiyejua, prosesa ndiyo kichwa cha kompyuta, hesabu zote zinafanyika humo. Ndani yake kuna viini, na kila kiini ni kama mfanyakazi mmoja. Prosesa ya Bingwa ina viini kumi na sita. Yangu, ya kampuni shindani, ina vinane. Vyake ni vingi lakini kimoja kimoja ni kizito. Vyangu ni vichache lakini vina haraka. Tumegombana juu ya jambo hilo kuliko tulivyogombana juu ya mama yake, na juu ya mama yake tuligombana sana.

"Nimekubali," nikasema. "Na msimamizi nani? Kaka yako?"

"Binti yetu."

Huyo nilimkubali. Binti yetu anahariri video za harusi, anaijua kazi, na hana upande. Tulipoachana alitukalisha kitako na kutusema wote wawili mpaka baba yake akaomba maji.

Kesho yake alikuja mchana na begi lake mgongoni.

"Shikamooni."

"Marahaba," tukaitikia, kila mtu kutoka upande wake.

"Tusikilizane mapema, maana nawajua," alisema huku akivuta meza mpaka kwenye ncha ya ukuta, nusu kwa baba, nusu kwa mama. "Majaribio matatu, atakayeshinda mawili anabaki. La kwanza, kiini kimoja kinafanya kazi peke yake. La pili, viini vyote kwa pamoja. Hayo mawili ni ya programu ya kupimia, inatoa alama yenyewe. La tatu ni kazi halisi. Nina filamu ya harusi nimeshaihariri, kila mashine itaitoa nzima iwe faili moja la kutazama, itakayomaliza kwanza imeshinda. Mbili kwa tatu. Kila mtu analeta mashine kama anavyomuuzia mteja wake. Hakuna kuongeza kasi kwa siri kwenye mipangilio. Baba, nakuangalia wewe."

"Mama, mbona unanionea?" Bingwa humwita bintiye mama anapotaka kuhurumiwa.

"Kwa sababu ni wewe."

Bingwa akaguna, akaizima mashine yake, akaiwasha, akaingia kwenye mipangilio na kurudisha alichokuwa amekichezea. Nikacheka kwa sauti, makusudi.

"Na yako mama nitaikagua."

"Kagua. Mimi si tapeli."

Yangu ilikuwa safi. Bingwa aliinama kuangalia juu ya bega la binti, akitafuta kosa, akaambiwa akae chini kama mgonjwa wa juu.

Jaribio la kwanza sikuwa na wasiwasi nalo. Kiini kwa kiini, changu ni chepesi. Alama zilipotokea kwenye skrini mbili, yangu ilimpita kwa mbali.

"Moja ya mama," binti akasema.

"Moja ya bure," Bingwa akasema. "Nani siku hizi anafanya kazi na kiini kimoja?"

"Wateja wangu wote. Wanaandika barua, wanapiga hesabu, wanachora. Wewe wako wanafanya nini, wanarusha roketi?"

Jaribio la pili lilikuwa lake, na nilijua hivyo tangu mwanzo. Feni ya mashine yake ilipaa kama inataka kutoka na meza. Viini vyote kumi na sita vilifanya kazi, na alama yake ilinipita mpaka nikatamani kuangalia pengine. Bingwa alicheza. Mwanamume mwenye kitambi, fulana imeandikwa BINGWA kifuani, anacheza katikati ya maboksi.

"Unatetemesha meza," nikamwambia. "Kaa, utaangusha mashine useme nimekuroga."

"Moja kwa moja," binti akasema. "Sasa filamu."

Akaanzisha mashine zote mbili kwa pamoja. Mistari miwili ya kijani ilianza kutambaa kwenye skrini, na juu yake picha za harusi zikapita haraka: bwana harusi anakanyaga gauni, shangazi wa mtu anafuta miwani, watoto wanagombania keki. Juu yetu mashine ya daktari ilikuwa inalia kwenye jino la mtu, nami nililionea wivu lile jino.

Nilikuwa nimeshajiandaa kushindwa. Kutoa video ni kazi ya viini vingi, sikuhitaji stashahada kulijua hilo. Lakini mstari wake haukunikimbia. Ukaenda sambamba na wangu, kisha ukaanza kubaki nyuma. Bingwa alisogeza kiti. Akasogea tena. Alipofika kwenye keki, mimi nilikuwa nimeshafika kwenye hotuba. Mashine yangu ikamaliza, yake bado inahangaika na wapambe.

Nikasimama. "Fungasha."

Bingwa alibaki kitini. Alikuwa anaangalia skrini yake kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe.

"Hujanisikia? Nimesema fungasha. Boksi nitakupa, ninayo mengi. Na hiyo fulana uivae ukienda kwa kaka yako, wakujue unapoingia."

"Mama, ngoja," binti akasema.

"Ningoje nini? Mbili kwa tatu. Umesema mwenyewe."

"Umeshinda, sijakataa. Lakini hizi mashine zote mbili zina ugonjwa." Alikuwa amekunja uso, simu mkononi. "Majaribio mawili ya kwanza yanalingana na wanavyopata watu wengine wenye prosesa hizi. La tatu halilingani hata kidogo. Studio tuna mashine yenye prosesa kama ya baba. Filamu hii hii tuliitoa juzi, na ilimaliza kabla sijarudi na chai. Leo ningepika maharage."

Akachukua bisibisi mezani pangu bila kuomba, akafungua ubavu wa mashine yangu. Akamulika na simu. Akafungua ya baba yake. Akamulika. Kisha akatugeukia sote, na sura aliyokuwa nayo niliiona mara ya mwisho siku ile alipotukalisha kitako.

"RAM moja," alisema, akigusa kile kijiti cha kumbukumbu kinachoipelekea prosesa kazi. "Na huku moja. Bodi ina nafasi ya mbili mbili, na mmeweka moja moja. Nani anauza mashine hivi? Prosesa nzima inalishwa kwa mkono mmoja!"

Mimi na Bingwa tuliangaliana. Ilikuwa mara ya kwanza siku nyingi tunaangaliana bila kutukana.

Tulipogawana mali, waligawa wazee wawili, mjomba wangu na baba yake mkubwa Bingwa. Walikaa humu dukani na vitu vyote sakafuni, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kuwasha kompyuta. Kauli yao ilikuwa nusu kwa nusu. Sisi tulikuwa na hasira kiasi kwamba hakuna aliyekubali kuachia kitu chochote kizima. Spika zinazouzwa jozi, moja kwangu, moja kwake. Kiti kimoja cha ofisi mjomba alikishika muda mrefu akitafuta katikati yake ni wapi. Tulikuwa na maboksi ya RAM za aina mpya, kila boksi lina mbili zinazokwenda pamoja, na mjomba akayafungua moja baada ya jingine: hii ya mama, hii ya baba, hii ya mama, hii ya baba. Tukashangilia haki. Tangu hapo kila mtu aliunda mashine za RAM moja, kwa sababu ndivyo alivyokuwa nazo, na kununua jozi mpya ingekuwa kukiri kwamba mgao ulikuwa wa kijinga. Baadaye tuliacha hata kuona. Zilikuwa zimebaki hizo mbili tu, moja ndani ya kila mashine. Za aina ya zamani haziingii kwenye bodi hizi hata ukizipiga nyundo.

"Tupime tena," binti akasema. "Zote mbili kwenye mashine ya baba, tutoe filamu. Halafu zote mbili kwenye ya mama, tutoe filamu. Hapo ndipo tutajua ukweli."

Ukweli niliujua pale pale. Wafanyakazi kumi na sita wakinyimwa chakula wanaanguka upesi kuliko wanane. Nilishinda kwa sababu njaa ilimuuma yeye zaidi. Bingwa naye alishalijua. Niliona meno yake.

"Hapana," nikasema.

"Anaogopa huyo," Bingwa akasema.

"Naogopa nini? Sheria ilisema kila mtu alete mashine kama anavyomuuzia mteja. Hivyo ndivyo ulivyokuwa unawauzia wateja wako, Bingwa. Viini kumi na sita, vyote na njaa. Hongera."

"Na wewe je?"

"Na mimi nimeshinda."

Binti akaweka bisibisi chini taratibu. "Sawa, mama. Kwa sheria umeshinda. Napanda kumwambia daktari sasa hivi. Lakini watu wananiuliza kila siku wanunue mashine gani ya video. Wakiniuliza, nitawaambia ya baba, na nitawaambia kwa nini leo ilishindwa."

"Unanitisha?"

"Nakuarifu."

Pengine ningemwacha apande. Nataka kusema nilizuiwa na wateja waliotoka mlangoni kwangu na mashine zenye RAM moja, na kweli niliwafikiria, lakini duka ni duka. Aliyeharibu ni Bingwa, kwa sababu hajui kunyamaza.

"Mwache tu, mama," alimwambia bintiye. "Tangu chuo ndivyo alivyo. Mtihani wa vitendo alinakili kwangu."

"Nani alinakili kwa nani?"

"Wewe."

"Mimi? Wewe uliyeshika waya wa umeme ukauliza kama ndio ule wa simu? Mimi ninakili kwako?" Nilikuwa nimeshaifikia mashine. Nilibonyeza vishikio viwili vya pembeni, nikaichomoa RAM, nikaibamiza mezani mbele yake. "Chukua. Nimekupa kwa mkono wangu. Shinda au shindwa, lakini usije ukafungua mdomo wako mbele ya mwanangu ukasema kuna kitu nimewahi kukipata kwa kukuibia."

Bingwa alisita. Binti hakusita. Alizipachika zote mbili kwenye mashine ya baba yake, akawasha, akaanzisha filamu.

Sitaki kurefusha. Mashine yake ilikimbia. Gauni likakanyagwa, miwani ikafutwa, keki ikaisha kabla watoto hawajaigombania vizuri. Kisha binti akazihamishia zote mbili kwangu. Yangu nayo iliamka, ikaenda vizuri kuliko mwanzo, na kwa mara ya kwanza niliona ile prosesa ikifanya kazi kama nilivyokuwa nawaambia watu. Lakini haikumfikia. Wala haikuwa karibu.

"La tatu ni la baba," binti akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mbili kwa tatu."

Bingwa alitoka mpaka chini ya ngazi akapiga kelele, "Daktari! Jina limepatikana!" Nadhani kuna mgonjwa mwingine aliruka.

Daktari akateremka. "Nani?"

"Yeye," nikasema kabla Bingwa hajajipiga kifua. "Andika lake. Na umwandikie apunguze sauti, maana sasa atakuwa anagombana na choo."

Daktari alinitazama kidogo, akarudi kwenye meno.

Bingwa akaanza ukarimu. Ukarimu wake unaniudhi kuliko matusi yake.

"Unaweza kukaa mpaka mwisho wa mwezi. Mimi si katili."

"Sikai hata mpaka mwisho wa sentensi yako."

Nikaanza kupakia. Bisibisi, kifaa cha kulehemu nyaya, nyaya, ile dawa nyeupe ya kupaka juu ya prosesa, spika moja. Bingwa alichomoa RAM yake kutoka mashine yangu, kwa haki kabisa, akaishika kiganjani. Kisha akaanza kuzunguka zunguka meza kama mtu aliyesahau kilichomleta.

"Hiyo yako," akasema mwishoni, "si utaniuzia? Kuna jamaa wa studio anakuja kesho. Nimemtumia ujumbe sasa hivi nikamwambia mashine imepimwa na imeshinda."

"Umemwambia imeshinda ikiwa na RAM ngapi?"

Akaigeuza RAM kiganjani.

"Unajua kwamba ukimpa na moja tu, itakuwa ile ile iliyoachwa nyuma na yangu."

"Ndiyo maana nakuomba uniuzie."

"Nunua mpya. Zinauzwa mbili mbili."

"Una roho mbaya wewe."

"Ninayo. Tuligawana kila kitu, hiyo ikabaki kwangu nzima."

Nilitia RAM yangu kwenye kimfuko chake, nikaiweka kwenye pochi pamoja na funguo za nyumbani. Funguo za duka nikaziacha juu ya meza, upande wake. Binti alibeba skrini na mimi nikabeba kasha la mashine, tukatoka. Bingwa alisimama mlangoni anatupa maelekezo ya kushuka kizingiti ambacho nilikijenga mimi.

Tulipofika barabarani binti akasema, "Mama, ungenyamaza tu leo, duka lingekuwa lako."

"Najua."

"Umekasirika na mimi?"

"Nimekasirika na nyote. Wewe itapita."

"Sasa tunaenda wapi na mizigo hii?"

"Kwa yule mwalimu wa sekondari, hapo kwenye kona. Nilimuuzia mashine mwezi uliopita, kila siku ananipigia kwamba inakwama akifungua picha za wanafunzi, nami namwambia avumilie. Namwekea RAM ya pili, aache kunipigia."

"Halafu?"

"Halafu namuuliza kile chumba chake cha mbele, alichojaza viti vibovu, anakifanyia nini."

"Na akikataa?"

"Hujamwona anavyokwama. Na wewe shika hiyo skrini kwa chini, si kwa kioo. Nani alikufundisha kubeba vitu, baba yako?"